Kwa nini 191? Kisa cha mwongozo uliokusanywa kwenye kundi la madevelopa

191 ni urefu wa maandishi ambao mwongozo wetu uliwaambia watu wauweke kwenye mifumo yao, bila kusema sababu. Majina ya watu, ya kundi na ya kampuni zilizotajwa kwenye mazungumzo yameondolewa. Wahusika watatu nimewapa majina ya kazi zao: Mzee wa Seva, Dada wa Malipo na Mratibu. Mimi nilikuwa mmoja wa wahariri, kwa hiyo ninayoyasema kuhusu maamuzi yetu yasomwe kama maneno ya mtu aliyekuwemo.

Usuli

Kundi lilianzia WhatsApp. Watu waliosoma pamoja walialika wenzao wa kazini, hao wakaalika rafiki zao, na baada ya miaka michache likawa na mamia ya watu: wengi Tanzania na Kenya, wachache Uganda, wawili watatu mashariki ya Kongo. Baadaye likahamia Telegram. Kazi zao zilifanana sana: mifumo ya maduka, ada za shule, vikoba, zahanati, kodi za nyumba. Wengi waliandika lugha ya PHP kwa kutumia kiunzi cha Laravel, wachache lugha ya Python kwa kiunzi cha Django, na data ilikaa kwenye hifadhidata za MySQL au MariaDB, juu ya seva za kukodi za bei nafuu ambazo wateja wengi hugawana.

Hizo seva za kugawana ndizo ufunguo wa kisa chote. Mteja wa seva ya namna hiyo hana mamlaka ya kupandisha toleo la hifadhidata, hawezi kubadilisha mipangilio mingi, na mara nyingi hajui hata anatumia toleo gani. Jibu linalomfaa mtu wa ofisi yenye seva yake linaweza kumharibia kazi aliyekodi. Sehemu kubwa ya ujuzi wa kundi ilikuwa namna ya kufanya kazi juu ya vifaa usivyovimiliki, na ujuzi huo huukuti kwenye nyaraka rasmi, kwa sababu wanaoandika nyaraka hizo hawaishi nao.

Waliouliza walikuwa wengi, waliojibu wachache. Mzee wa Seva ndiye aliyebeba mzigo mkubwa, yeye na dada mmoja aliyekuwa ameunganisha mifumo mingi na huduma za malipo kwa simu. Siku moja Mzee aliulizwa kwa mara nyingine kwa nini emoji zinageuka alama za kuuliza zikifika kwenye hifadhidata. Akaandika, "Wakuu, hili nimeshalijibu. Tafuteni juu." Kijana mmoja akamjibu kwa adabu zote, "Shikamoo mzee. Juu wapi? Meseji ni maelfu." Mratibu, ambaye ndiye admini, akaomba watu wa kujitolea kuandika mwongozo.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Kwenye Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano, Steve Summit alianza mwaka 1990 kukusanya maswali yanayojirudia kuhusu lugha ya C, akawa anayatuma tena mara kwa mara ili mgeni ayakute, na mwaka 1995 yakatoka kama kitabu. Karibu zaidi na wakati wetu, Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ilijaribu kujenga sehemu ya nyaraka zilizoandikwa na watumiaji wake. Ilifunguliwa kwa majaribio mwaka 2016, ikafungwa Agosti 2017. Mratibu aliufahamu mfano huo wa pili vizuri na ulimtia wasiwasi. Kama watu wenye wachangiaji wengi namna ile waliiacha kazi baada ya mwaka mmoja hivi, sisi tulikuwa na nini cha ziada?

Kilichotokea

Tulianza kwa kutoa mazungumzo ya zamani, na tatizo la kwanza lilijitokeza hapo hapo. Mazungumzo ya WhatsApp ukiyasafirisha unapata faili la maandishi matupu: tarehe, jina, meseji. Hayaonyeshi meseji ipi ilikuwa inajibu ipi. Mtu ameandika "hapana, badilisha hiyo ya pili", na juu yake kuna maswali matatu ya watu watatu. Ya pili ipi? Ya Telegram yalikuwa afadhali, kwa sababu programu yake ya kompyuta hutoa faili ambamo kila meseji ina namba yake, na ikiwa ni jibu, ina pia namba ya ile inayojibiwa. Kwa miaka ya Telegram tuliweza kupanga swali na majibu yake kwa programu fupi. Kwa miaka ya WhatsApp ilibidi kusoma kwa macho.

Halafu tukakuta vitu ambavyo havikupaswa kuwepo. Watu wakiwa wamekwama hubandika kila kitu: faili zima la mipangilio likiwa na neno la siri la hifadhidata, picha za skrini zenye namba za simu za wateja na kiasi walicholipa, orodha ya wanafunzi wa shule na ada wanazodaiwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria yoyote, hakuna mhariri aliyetaka deni la ada la mtoto wa mtu litokee kwenye mwongozo wa programu. Kazi ya kusafisha ilichukua muda mrefu kuliko tulivyopanga, na picha ndizo zilizotusumbua zaidi kwa kuwa maneno yaliyo ndani ya picha hayatafutiki.

Baada ya kusafisha tukachagua. Kanuni ilikuwa rahisi: swali liingie ikiwa limeulizwa na watu watatu tofauti kwa nyakati tofauti. Tulipunguza sana kwa njia hiyo. Kila mhariri akachukua fungu lake na kuandika, na toleo la kwanza likatoka: kurasa za wavuti na faili la PDF la kusoma bila bando. Kundi lilishangilia. Kwa wiki chache ilionekana kazi imekwisha.

Kisha likaja suala la 191.

Kwenye toleo la kwanza kulikuwa na ingizo fupi. Ukipata kosa linalosema «Specified key was too long; max key length is 767 bytes» unapojenga majedwali kwa Laravel, fungua faili la AppServiceProvider na uweke urefu wa kawaida wa maandishi kuwa 191. Jibu hilo lilikuwa limetolewa kundini mara nyingi kuliko karibu jibu lolote jingine, na kila aliyelifuata alishukuru. Baada ya mwongozo kutoka, watu wakaanza kuiweka 191 kwenye kila mradi mpya kabla hata ya kuona kosa. Ikawa desturi kama kuosha mikono.

Mwanachama mmoja akaja na tatizo ambalo halikuwa kwenye mwongozo. Mfumo wake wa duka ulikuwa unakataa kuhifadhi baadhi ya bidhaa, nyingine zinapita. Kosa lilisema data ni ndefu kuliko safu ya jedwali inavyoruhusu. Alikuwa anahifadhi viungo vya picha, na viungo hivyo, vikitoka kwenye huduma ya kuhifadhi picha, vilizidi herufi 191 kwa mbali. Tukamuuliza anatumia hifadhidata gani. MySQL 8. "Sasa kaka, 191 uliiweka ya nini?" Akajibu, "Si mmeiandika nyinyi?"

Hapo Mzee wa Seva akaingia na ujumbe mrefu wa sauti. Nitaueleza kwa ufupi kwa sababu uchambuzi wote unaufuata huu. Seti ya herufi ambayo MySQL iliita utf8 huishia baiti 3 kwa herufi, na emoji zinahitaji 4. Ndiyo maana ikaletwa utf8mb4. Laravel 5.4, iliyotoka Januari 2017, ikaifanya utf8mb4 kuwa ya kawaida. Safu ya kawaida ya maandishi ilikuwa ya herufi 255, na 255 mara 4 ni baiti 1,020. Hifadhidata za wakati ule, zile zilizojaa kwenye seva za kukodi, zilikuwa na kikomo cha baiti 767 kwa faharasa, yaani orodha inayoharakisha kutafuta ndani ya jedwali. Ugawe 767 kwa 4, unapata 191 na ushei. Namba imetoka hapo. Kuanzia MySQL 5.7.7 na MariaDB 10.2.2 kikomo kilipanda hadi baiti 3,072 na sababu ya 191 ikafa. Mzee akamalizia, "Hili nililieleza tangu mwanzo. Nililieleza kwa sauti."

Na kweli alikuwa amelieleza. Tulirudi kwenye faili la WhatsApp. Mahali pa ujumbe wake wa sauti palikuwa na alama tu ya kuonyesha kuwa kuna kitu kimeachwa. Chini yake, mtu mwingine alikuwa amefupisha kwa maandishi: "Kwa hiyo weka 191. Asante mzee." Mstari huo ndio uliosafiri hadi kwenye mwongozo.

Maamuzi na sababu zake

Tulisimamisha kuongeza maingizo mapya. Wengine waliona huo ni woga, lakini Mratibu alishika msimamo: kama jibu linalopendwa kuliko yote limeingia bila sababu yake, mengine mangapi yameingia hivyo hivyo? Tulipokagua tukaona mtindo mmoja. Kwenye kundi letu jibu huandikwa, sababu husemwa. Mtu anayejua anaandika mstari wa msimbo kwa kuwa msimbo hausemeki kwa mdomo, halafu anabonyeza kipaza sauti na kueleza kwa nini, kwa kuwa kuandika aya tatu kwenye simu akiwa kwenye daladala ni mateso. Tulipochukua maandishi na kuacha sauti, tulichukua tiba na kuacha ugonjwa.

Uamuzi wa kwanza basi ulikuwa kuzirudia sauti. Zile ambazo bado zilikuwa kwenye simu za watu tuliziomba. Nyingi zilikuwa zimefutwa kupunguza nafasi. Pale zilipopotea, mhariri alimpigia simu aliyejibu na kumuuliza maswali mawili tu: ulijibu hivyo ukimfikiria nani, na ni lini jibu hili lingekuwa kosa? Swali la pili lilileta mengi kuliko tulivyotarajia. Mtu ukimuuliza jibu lake ni sahihi kwa nini, anakwambia mambo ambayo tayari unayajua. Ukimuuliza lingekosea lini, anakumbuka mteja fulani, seva fulani, usiku fulani ambao hakulala.

Uamuzi wa pili ulihusu umbo la ingizo. Vichwa vyetu vya mwanzo vilikuwa vya mada, "Hifadhidata", "Muda", "Malipo", na aliyekwama hajui tatizo lake ni la mada gani. Tukavibadilisha viwe maneno ya mwenye shida, kama yalivyo kundini. Kichwa cha suala la saa kikawa "Ripoti ya leo inaanza saa tisa usiku". Mwenye baa alikuwa amelalamika kwamba mauzo ya baada ya usiku wa manane yanaingia kwenye siku ya jana hadi saa tisa, ndipo "leo" inaanza. Mfumo ulikuwa ukihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele, hivyo siku mpya ya UTC inaingia kwetu saa tisa usiku. Ukisoma kichwa hicho tu na mauzo yako yanafanya hivyo, umeshafika. Chini yake kuna tahadhari kwa walio Rwanda, Burundi na Lubumbashi, ambako tofauti ni saa mbili, na Kinshasa ambako ni moja.

Chini ya kichwa kila ingizo likapata sehemu nne, bila kulazimisha zilingane: dalili, sababu, tiba, na mstari tuliouita "Inafaa wapi". Mstari huo unataja matoleo yaliyojaribiwa, aina ya seva, mwezi na mwaka wa jaribio. Ingizo la 191 sasa linaanza na amri ya kuangalia toleo la hifadhidata, na sentensi ya pili inasema kwamba ukiwa na MySQL 5.7.7 au MariaDB 10.2.2 kwenda juu, ondoka hapa, huna kazi na ukurasa huu.

Lugha ilizua ubishi. Baadhi ya Wakenya walitaka Kiingereza kwa kuwa nyaraka nyingine zote ziko kwa Kiingereza. Waliotaka Kiswahili walishinda kwa hoja moja ya vitendo: mazungumzo yaliyokuwa yakikusanywa yalikuwa kwa Kiswahili, na kuyahamisha kungeongeza mahali pengine pa kupoteza maana. Makosa ya kompyuta tuliyaacha kama yanavyotokea kwenye skrini, herufi kwa herufi, kwa sababu ndivyo mtu anavyoyatafuta.

Dada wa Malipo naye alituwekea mguu chini. Rasimu yetu ilikuwa na jedwali la namba za majibu zinazorudishwa na huduma ya malipo, kila namba na maana yake. Akakataa lisiingie. "Hizo namba si zenu. Wakiongeza moja kesho, mwongozo wenu utamwambia mtu uongo na atawaamini nyinyi kuliko wao." Badala yake aliandika yeye mwenyewe ingizo ambalo kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote, "Mteja amelipa, mfumo unasema hajalipa". Anaeleza kwamba taarifa ya malipo inayotumwa kwenye seva yako inaweza kuchelewa, inaweza isifike, na inaweza kufika mara mbili ikiwa seva yako ilichelewa kuitikia mara ya kwanza. Kwa hiyo ihifadhi kwanza kama ilivyokuja, itikia mara moja, kisha ndipo uichambue. Weka masharti kwenye jedwali kwamba namba ya muamala haijirudii, ili taarifa ya pili igonge ukuta badala ya kumwongezea mteja salio. Na usingoje tu: baada ya dakika chache bila taarifa, uliza wewe hali ya muamala. Hakuna hata namba moja ya kampuni ndani yake, na linafanya kazi kwa huduma yoyote ambayo watu wa kundi wameiunganisha.

Kuhusu majina, tuliamua kuyaondoa yote. Sababu ilikuwa faragha, na pia hatukuwa na ruhusa ya kila mtu. Maneno aliyoyaandika mtu kwenye kundi ni yake hata kama wote tumeyasoma.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa zana. Maandishi yawe ya Markdown, namna nyepesi ya kupanga maandishi, yakae kwenye Git, zana inayotunza kila badiliko la faili, na anayetaka kurekebisha atume ombi la mabadiliko. Kundi la madevelopa litashindwaje na Git? Tulidhani hilo halina mjadala.

Matokeo

Maswali yaliyojirudia yalipungua, hilo kila mtu aliliona. Suala la emoji karibu lilitoweka. Wageni walianza kuja na maswali yaliyokomaa: "Nimesoma ingizo la ripoti ya leo, nimebadilisha saa za mfumo, lakini rekodi za zamani bado ziko nyuma saa tatu, nizifanyeje?" Swali kama hilo humpa mjuzi hamu ya kujibu, na likazaa ingizo lake.

Mabadiliko mengine hayakupendeza. Watu wawili watatu waliokuwa wakijibu kwa upole walianza kujibu kwa kiungo tu. Mgeni anauliza, anapewa kiungo bila hata salamu. Wengine walirudi na swali lililo bora. Wengine walinyamaza na hatukuwaona tena. Kwa kuwa maswali ndiyo malighafi ya mwongozo, kunyamaza kwa wageni kulipunguza kilichokuwa kinaingia. Kwa kipindi fulani hakuna ingizo jipya lililoongezwa, na wahariri waliichukulia kimakosa kuwa ishara kwamba mwongozo umekamilika.

Maombi ya mabadiliko kupitia Git yalikuwa machache mno. Git wanaijua. Tatizo ni kwamba kundi linasomwa kwenye simu, jioni, na kompyuta iko ofisini. Mzee wa Seva hakutuma ombi hata moja. Aliendelea kutuma sauti.

Kuondolewa kwa majina kulimuudhi yeye na wengine kadhaa. Mzee hakulalamika hadharani. Dada wa Malipo ndiye aliyesema. Watu hawa hawalipwi. Kijana anayetafuta kazi anaweza kumwonyesha mwajiri ukurasa wenye jina lake. Tulikuwa tumewafutia hata hicho kidogo kwa jina la kuwalinda.

Lakini kilichotugharimu kuliko vyote ni PDF. Toleo la kwanza lilikuwa na ingizo la kukagua namba za simu, lililochukuliwa kwenye majibu ya zamani ya Wakenya: namba ianze na 07 au 2547. Majibu hayo yalikuwa sahihi yalipotolewa. Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa namba zinazoanza na 01, na kwa Tanzania namba za 06 zilikuwepo tangu kabla ya hapo. Kwenye kurasa za wavuti tulilirekebisha mapema: hifadhi namba kama maandishi, iwe na alama ya jumlisha na msimbo wa nchi, isizidi tarakimu 15 kama E.164, kiwango cha kimataifa cha namba za simu, kinavyosema, na usijifanye unajua tarakimu zinazofuata. Kwenye PDF iliyokwisha kusambaa halikurekebishika. Ilikuwa imetumwa kwenye makundi ya vyuo, ya kozi fupi, ya watu ambao hawakuwahi kusikia habari za kundi letu. Tulipata mwanafunzi aliyeuliza kwa nini fomu yake inamkataa mama yake. Mama alikuwa na namba ya 011.

Uchambuzi

Uamuzi uliofaa kuliko yote ulikuwa kusimamisha kazi baada ya 191. Ingekuwa rahisi kulirekebisha ingizo moja na kusonga mbele, na hakuna ambaye angetulaumu. Kusimama ndiko kulikotufanya tuone kwamba kosa lilikuwa kwenye njia ya kukusanya, na kwamba kila ingizo lililotokana na jibu fupi la maandishi lilikuwa na uwezekano ule ule wa kukosa sababu. Kundi lenye haraka ya kuongeza kurasa lisingeliona hilo.

Kanuni ya watu watatu ilifaa kuchagua maswali. Kama kipimo cha majibu ilikuwa na hatari. Jibu linalorudiwa mara nyingi linaonekana limethibitishwa, lakini 191 ilirudiwa na watu ambao hawakuwahi kujaribu bila hiyo. Mtu mmoja alijua, wengine walikopi na kupesti. Wingi wao ulitudanganya. Ningependekeza kwa kundi lolote linaloanza kazi hii lihesabu waulizaji na lisihesabu wajibuji kabisa.

Mstari wa "Inafaa wapi" umefanya kazi mbili, moja tuliyoikusudia na nyingine hatukuikusudia. Tuliyoikusudia ni kumzuia msomaji asiyehusika. Nyingine ni kwamba ulimpa mhariri haki ya kufuta. Kabla yake, kufuta ingizo kulionekana kama kumwambia mwenye jibu kwamba amekosea, na kumwambia mtu mzima hivyo mbele ya vijana si jambo dogo. Ingizo likiwa na toleo na tarehe, linapitwa na wakati lenyewe na heshima ya mtu inabaki. Mzee alikubali 191 iwekewe alama ya kuisha muda bila neno.

Kukataa kwa Dada wa Malipo kunastahili kuigwa. Alitenganisha maarifa ya kundi na maarifa ya kampuni. Jedwali la namba linamilikiwa na mwenye huduma, anaweza kulibadilisha wakati wowote, na nakala yetu ingekuwa nyuma daima. Kujua kwamba taarifa hufika mara mbili na namna ya kujikinga ni kitu kilicholipiwa na watu wa kundi kwa fedha zao, na hakibadiliki kampuni inapobadilisha nyaraka. Sehemu za mwongozo zilizozeeka haraka karibu zote ni zile tulizonakili kwa wengine.

Kuhusu majina, tuliunganisha mambo mawili yanayopaswa kutengana. Anayeuliza analindwa, kwa sababu swali lake limebeba data za wateja na wakati mwingine aibu yake. Anayejibu anaulizwa kama anataka kutajwa. Baada ya malalamiko hicho ndicho kilichofanyika: kila ingizo lina mstari wa shukrani kwa walioridhia, na wengi waliridhia, isipokuwa wachache ambao waajiri wao hawapendi.

Kuhusu zana, tulichagua kwa kufikiria tulivyo mchana ofisini, na michango ilikuwa inatoka jioni kwenye simu. Suluhisho halikuwa la kiteknolojia. Mhariri wa zamu husikiliza sauti za wiki, huziandika, humtumia msemaji asome, na akishasema "sawa" ndipo zinaingia kwenye Git kwa mkono wa mhariri. Ni kazi ya kuchosha na haiongezeki kasi hata uifanye vipi. Tulijaribu programu za kugeuza sauti kuwa maandishi, zikawa zinakwama kila msemaji anapochanganya Kiswahili na majina ya amri, yaani kila sentensi.

Kiungo kisicho na salamu kimetungiwa kanuni kundini: anayetuma kiungo anataja ingizo gani na anauliza kama limesaidia. Wengi wanaifuata. Faida yake imeonekana kwa wahariri, maana jibu la "hapana, halijanisaidia" ndilo linaloonyesha ingizo lililochoka, na zamani halikutufikia kabisa.

PDF tungeifanya tofauti kabisa. Haja ya kusoma bila bando ni ya kweli na haitaondoka, hivyo kuiacha isingekuwa busara. Nakala za sasa zina mwezi na mwaka wa kuisha muda juu ya kila ukurasa, kwa sababu jalada ndilo la kwanza kupotea mtu anapotuma kurasa chache kama picha. Maingizo ambayo "Inafaa wapi" yake haidumu muda mrefu, kama namba za simu, hayachapwi kabisa. Mahali pake pana kiungo. Toleo la kwanza bado linazunguka, na mara moja moja mtu huleta swali ambalo mhariri yeyote analitambua kwa mstari wake wa 2547. Anajibiwa, anapewa nakala mpya, na anaombwa aipeleke alikoitoa ile ya zamani.